Alama za Meno Yako kwenye Bisibisi

Mzee Chidawali,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijazoea kuanza na wewe bila hiyo.

Ile foklifti ya ghala la alizeti, uliyonifundishia kazi, ilikufa wiki iliyopita. Pampu ya haidroliki ilikwama magunia yakiwa juu. Hakuna aliyeumia. Nimeifungua mwenyewe. Beringi ya pampu imeliwa kabisa, palepale ulipogusa kwa kidole ukasema, "Ni hapa."

Nilikucheka, Mzee. Ulikuwa husikii hata ukiitwa kwa nyuma, halafu unauma mpini wa bisibisi, ncha umeikandamiza kwenye pampu inayonguruma, eti unasikiliza. Ukaniambia, "Masikio yamechoka, mwanangu. Meno bado." Nikaona unaigiza tu ili usiondolewe.

Mimi nilikuwa na simu inayopima kelele. Desibeli tisini na mbili kwenye kiti cha dereva. Nikabandika sponji ya godoro ndani ya boneti, zikashuka hadi themanini na sita. Bosi akafurahi. Wewe ukasema taratibu, "Umemziba mgonjwa mdomo. Hujamtibu." Bosi aliponiuliza, nikamjibu kwamba husikii tena, unabahatisha. Sentensi moja. Mwisho wa wiki ukaachishwa kazi, ukarudi kwenu Gulwe, na msiba wako nikausikia kwa watu. Sikuja kuzika. Nilisingizia kazi.

Na kinyongo ninacho pia. Kwa nini hukubisha? Ulikusanya spana zako, bisibisi ukaniachia mezani, ukanitakia kazi njema. Bora ungenitukana.

Jana nimefunga beringi mpya, nikabandua sponji yote. Desibeli themanini na tatu. Nimepima mara tatu, nikitafuta kosa lako.

Kisha nikauma bisibisi yako. Mpini wa mbao umebonyea kwa meno yako, yangu hayakukaa. Lakini nilisikia, Mzee. Mlio ulipanda kwenye taya hadi kichwani, laini, hauna mkwaruzo.

Bosi akanipongeza mbele ya madereva. Nikazipokea sifa ambazo ni zako. Hapo ndipo nilipoona haya hata kukutaja.

Jumatatu, kabla injini hazijawashwa, nitasimama mbele ya walewale na beringi mbovu mkononi, niseme ni nani aliyeijua na ni nani aliyekuzulia uongo. Kisha nitakuja Gulwe. Nitaanza kwa mkeo kuomba radhi, ndipo nije kaburini.

Pumzika, fundi wangu. Simu nitaitumia, lakini baada ya kuuma bisibisi.