Babu Sebastiani Hakulima Mahindi

Kasense,
Sumbawanga.
22 Novemba 1994

Mpendwa Mjomba Polikarp,

Mama ameshatoka na jembe na kile kikapu cha mbegu, anabomoa matuta ya bondeni atandaze udongo apande mahindi bila mbolea, na mimi nimekaa hapa nakuandikia wewe. Shikamoo mjomba. Miwa ya huko Kilombero inakupa nafasi ya kupumua? Mgongo je? Sisi tunaamka, tunachoka, tunalala. Kifua cha mama kimetulia.

Jumapili alikuja mheshimiwa mmoja anayetaka ubunge mwakani. Tulipotoka kanisani tukaambiwa twende ghalani. Akasimama kwenye ngazi za ghala la ushirika, lile mlilobebea matofali wewe na wenzako mwaka ule mbolea ilipoanza kuja kwa bei ya serikali. Akasema hiyo mbolea ya bei rahisi ndiyo iliyoifilisi nchi. Eti zamani serikali haikutoa kitu, na Wafipa walijaza magunia ya mahindi kwa jembe na matuta tu. Ndipo akasema, "Wazee kama marehemu mzee Sebastiani, nani aliwapa mbolea?"

Sijui nani alimpa jina la babu. Mama alijifunika kitenge usoni akalia. Tangu tumzike baba yenu, hakuna mtu mkubwa aliyemtaja mbele za watu.

Bibi Kristiana, jirani yetu, akapiga kelele kutoka nyuma: "Weee baba, mahindi gani? Sisi tulikuwa tunakula ulezi!" Watu wakacheka. Mheshimiwa naye akacheka, akasema, "Haya bibi, huo ulezi uliomba hela serikalini?" Makofi akapigiwa yeye. Mimi unanijua, mbele za watu sinyanyui mkono. Nilikuwa naangalia viatu vyake tu, havikuwa na udongo.

Mjomba, wewe ndiye uliyenieleza. Babu alilima ulezi, na akishavuna shamba linalala miaka mpaka nyasi zimfikie kiunoni, ndiyo anazifukia kwenye matuta. Mahindi ya magunia yalikuja na mbolea. Sisi sasa tunalima palepale kila mwaka, hakuna pa kuhamia. Msimu uliopita tulikosa mbolea, majani ya mahindi yakawa ya njano, gunzi kama kidole. Tangu Septemba tunanunua unga.

Nimemwambia mama. Kanijibu, "Unamjua babu yako kuliko mimi niliyemzika?" Amechoka, mjomba. Mbolea dukani bei haishikiki, halafu mtu amemwambia haina kazi, na shahidi ni baba yake. Ningekuwa yeye na mimi ningeamini. Lakini mbegu ni hiyo hiyo, hatuna nyingine.

Naomba umwandikie. Wewe ni kaka yake, atakusikia. Barua yako itakuta mbegu ziko ardhini, najua. Mwandikie hivyo hivyo, mwakani nako kupo.

Shija, yule Msukuma wa ng'ombe, naye alikuwepo mkutanoni. Jana kanitania, "We Mfipa, babu yako alipumzisha shamba. Huyu mheshimiwa wenu anapumzisha serikali." Kisha akasema leo ataniletea samadi ya zizini kwake, mkokoteni mzima, bure.

Nisalimie mama Hellena, na Hellena mwenyewe, na Theodory aliyeanza shule. Mungu awakinge na nyoka wa kwenye miwa, na usingizi awape.

Niishie hapa, ng'ombe wa Shija nawasikia mlangoni. Mama kaanzia chini bondeni. Nikienda na samadi sasa hivi, nitakuta matuta ya juu hajayafikia.

Ni mimi mpwa wako, nisiyekusahau,
Flavian