Vidonge vya Kwenye Kopo la Vifungo

Mpendwa mshauri, naomba msaada na nakusihi usinicheke, mimi ni fundi cherehani, na pale tunaposhona sare za shule tuna mazoea yetu, mtu akiandikiwa vidonge vya tumbo, vile vyenye dawa mbili ndani ya kimoja, ya bakteria na ya amiba, tumbo likitulia tu anaacha na vilivyobaki anavitia kwenye kopo la vifungo vimfae mwenzake, na ukimaliza dozi yako fundi wa kola anakusuta, "Mchoyo wewe, umekula vyote peke yako kama mchwa!", basi juzi mama mkwe akaharisha, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, usimwambie mtu, naona aibu," nami kwa kumhurumia nikamletea vya kopo, nikampa asubuhi na jioni, na nilijua anameza dawa ya kuzuia damu isigande, lakini nilidhani ya moyo ni ya moyo na ya tumbo ni ya tumbo, sasa fizi zinavuja damu, mapaja yana mabaka meusi, amelazwa, amelegea hata hasemi, na daktari alipouliza mbele ya mume wangu, "Kuna dawa nyingine amemeza?" wifi akadakia, "Hakuna, mama hali kitu nisijue," mimi nikatazama sakafu, mshauri, nikatazama sakafu, na tangu hapo kila nikikanyaga cherehani naona nashona sanda, nikisema nimeachika, nisiposema atakufa, nifanyeje?

Mkwe Mkubwa

Mkwe Mkubwa, namba uliyoandika nimeipiga tangu barua ilipofika. Simu imezimwa. Nakujibu hapa nikiomba gazeti likufikie mapema.

Huruma yako naiona, na ujinga wako pia. Dawa hazina vyumba tofauti mwilini. Zote zinapita kwenye damu ileile. Mfamasia niliyemuuliza amesema wazi kwamba vidonge hivyo huizidishia nguvu dawa ya damu, mpaka mtu anavuja. Hospitali wanaweza kumtibu, ila lazima wajue. Kwa sasa wanapapasa, na aliyewazimia taa ni wewe.

Weka mkasi chini. Usingoje muda wa kutoka, usimtafute mume kwanza, na wifi si wa kuombwa ruhusa. Beba kipande cha pakiti kama kipo. Mshike daktari au muuguzi yeyote, mwambie, "Nilimpa mimi," kisha useme vingapi na tangu lini.

Na ninyi mafundi wenzake, vidonge vya koponi vipelekeni duka la dawa wakaviteketeze. Dozi humezwa na aliyeandikiwa, mpaka mwisho, bila pombe, na baada ya kumtajia daktari kila dawa nyingine unayotumia, na mimba kama ipo. Anayemaliza dozi yake si mchoyo.

Utaachika? Huenda, sitakudanganya. Aliyeachika huamka kesho yake akatafuta pa kuishi. Mama mkwe wako huenda asiamke. Nenda.