Mwanya wa Kuchakuro

Jumatatu, 3 Machi

Wamenipigia! Baada ya miaka yote hii! Binti mwenye sauti ya upole, kajitambulisha kuwa ndiye muongozaji wa filamu mpya ya katuni. Wanawakusanya wahusika wa zamani, wa kila studio, wanawatia kwenye filamu moja. Wanakutana stesheni, wanagombania behewa. Na Kuchakuro, yule kindi wa katuni yetu ya zamani, yumo! Sauti ya Kuchakuro ni mimi, nani mwingine?

Nikauliza, ana maneno mangapi? Akakohoa kidogo. Kumbe ni hivi tu: "Sisogei! Sisi ndio wa siku zote!" Basi. Anapita, anasema, anapotea.

Na Bundi je? Bundi ana ukurasa mzima. Ukurasa mzima! Bundi ni baba wa binti yangu. Alikuwa sauti ya bundi wa katuni ile ile, na tangu tuachane simwiti jina jingine. Mimi ndiye niliyekuwa namsumbua, watoto wanavunjika mbavu. Kazi yake yeye ilikuwa kuguna tu. Leo mgunaji kapewa ukurasa. Haya!

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Nimejifungia bafuni nijaribu sauti. Wembamba upo, kiherehere kipo, mluzi hakuna! Kuchakuro akitamka S lazima apige mluzi, watoto wote walikuwa wakimwiga. Ule mluzi ulikuwa unapita kwenye mwanya wangu wa mbele. Na mwanya sina!

Meno ya mbele yalipong'oka mwaka jana, binti yangu akanipeleka kwa fundi wa meno. Nikarudi na meno ya bandia yamebanana kama matofali. Kila mtu akanisifu. Hata mimi nilijisifu, kila kioo cha duka nikijichekea. Mjinga wee! Mtu anakula kwa sauti yake, halafu anakwenda kuweka meno bila kuifikiria sauti!

Nikayavua, nikajaribu kwa ufizi. Hewa tupu — tairi lenye pancha.

Binti kagonga mlango: mama, unaongea na nani humo? Nikamwambia niondokee.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa meno kacheka mpaka kashika meza. Eti watu huja kwake awazibe, mimi nataka anitoboe. Kunitengenezea mengine yenye mwanya anaweza, ila mpaka wiki ijayo. Kurekodi ni Ijumaa! Basi kwangua hayahaya, nikamwambia. Kagoma. Anasema yatalegea, nitamchafulia jina mjini. Jina lake ndilo limemshughulisha. Langu je?

Alhamisi, 6 Machi

Muongozaji kapiga tena. Shikamoo nyingi, pole nyingi — nikajua kuna jambo. Eti kasikia nina shida ya meno. (Binti yangu huyo! Mdomo hauna breki!) Eti nisijitaabishe kuja. Wamechukua kanda zetu za zamani wakaziingiza kwenye kompyuta, na kompyuta imeshajifunza sauti ya Kuchakuro. Akanisikilizisha palepale kwenye simu.

"Sisogei! Sisi ndio wa siku zote!"

Na mluzi wake! Mimi kabisa. Mimi wa wakati ule, nina pumzi, nina mwanya — nikisema kitu ambacho sijawahi kukisema maishani mwangu.

Binti yangu machozi yakamlenga. Mama, ni wewe kabisa! Tena huna haja hata ya kutoka nyumbani! Nikamuuliza, na siku nikifa utaiweka mezani ikuulize kama umekula? Kanuna, kaenda chumbani. Sawa, nimezidisha. Lakini imeniuma! Sijafa. Nimekaa hapa kwenye kochi langu, nina akili zangu, na mtu ananisemea kwa koo langu mwenyewe. Sitaki. Hata kama ni maneno mawili matatu, nitayasema mimi.

Nimechukua tupa ya kucha ya binti yangu. Nakwangua.

Baadaye — mwanya umepatikana! Mluzi upo! Una mikwaruzo, si kama wa zamani, lakini upo. Meno yanacheza kidogo. Yatashika tu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, koridoni, studio.

Nimekuja bila mwaliko, ingawa niliambiwa nisijitaabishe. Muongozaji kashtuka, lakini ni mtoto mwenye adabu, kaniachia nafasi nijaribu. Kasema ukweli: watasikiliza yangu na ya kompyuta, watachukua moja. Vizuri. Bora aliyesema.

Bundi naye kaingia na suti. Suti, kurekodi sauti! Nani atamwona? Kanitazama mdomoni. "Mama watoto, mwanya umerudi." Nikamwambia asinizoee.

Wakataka kutuweka kila mtu chumba chake. Bundi kakataa! Enzi zetu studio ilikuwa na maiki moja, tulisimama uso kwa uso, na zamu yangu ikifika alinigusa kiwiko. Hasomi neno mpaka tusimame hivyo. Binti wa watu kamsihi, yeye kakunja mikono. Nani kamtuma? Ndivyo alivyo! Ndoa nzima alikuwa akinitetea bila kuniuliza, halafu anangoja ahsante. Wakakubali, yaishe.

Tukasimama. Ananuka mnanaa uleule. Kaguna, kasoma ukurasa wake — vizuri, sitamdhulumu — kanigusa kiwiko. Nikafyatuka: "Sisogei!" Mluzi huo, safi! "Sisi ndio wa siku..." na meno yakaruka! Yakagonga maiki, yakatua kwenye tai ya Bundi. Nikamalizia "zote" kwa ufizi, maana sentensi haiachwi njiani. Bundi akaangua kicheko. Katika katuni zote zile bundi hakuwahi kucheka hata mara moja. Tulipotulia tukaambiwa tupumzike nje kidogo.

Basi tumekaa. Meno yangu kayafunga kwenye leso yake. Nimemnyooshea mkono anipe, anasema tulia, huenda tukarudia, utayapoteza. Siwezi hata kumtukana vizuri, bila meno maneno yanatoka kama uji! Ndiyo maana naandika.

Mbele yetu kuna kioo. Muongozaji na fundi mitambo wako ndani, wanasikiliza. Moja, halafu nyingine. Wanarudisha, wanasikiliza tena. Sasa wanacheka. Fundi mitambo kaweka kichwa mezani, mabega yanamtikisika, muongozaji anafuta macho. Kioo hiki hakipitishi sauti. Bundi kaacha kutafuna mnanaa, kaninong'oneza: wanacheka yako.

Sijui. Kutoka hapa sioni wanacheka ipi.