Nyumba Upande wa Skuli

Jumapili, 6 Desemba 1959. Konde.

Barua imekuja. Mume wangu Hashil kahamishwa ofisi ya Wete, aanze Januari. Na mimi nimepata nafasi skuli ya wasichana huko huko. Afadhali! Hapa Konde gari za abiria zapita pua na mlango. Mwezi uliopita mwanangu Othman aliponea chupuchupu — dereva akakanyaga breki, mtoto kasimama katikati ya njia, embe mkononi, anacheka. Miaka mitano tu. Mie nilikuwa ndani nasahihisha madaftari. Mpaka leo sijajisamehe.

Nimemwambia Hashil: Wete sitaki nyumba kubwa. Nataka mahali mtoto atakwenda kwa miguu chuoni kusoma Kurani, dukani, na baadaye skuli, bila kuvuka njia ya gari. Akacheka — ati hiyo nitaipata peponi.

Jumamosi, 12 Desemba.

Tumeshinda Wete. Mzee Thuwein, sahibu wa baba yake Hashil, ana nyumba kadhaa, katutembeza mwenyewe. Mwanabaraka, mdogo wake Othman, nimembeba njia nzima. Ya kwanza ya mawe, nzuri, lakini ukitoka barazani umo barabarani. La! Ya pili bondeni, maji yametuama, mbu mchana kweupe. La!

Hashil akaingia dukani kumnunulia Othman biskuti. Mimi na Mzee tukapita uchochoro nyuma ya skuli — hapo ndipo nilipoiona. Nyumba ya udongo, bati juu, uwanja wa mchanga mbele, mshelisheli wa kivuli, watoto wa jirani waruka kamba. Chuo ni nyumba ya tatu. Mfereji wa maji ya kuteka pale pale. Nikahesabu hatua mpaka lango la skuli: mia na arobaini! Hakuna hata baiskeli ipitayo.

Nikasema, ingekuwa hii, Mzee. Akasema hii ina mpangaji, mwanangu, mwaka wa sita sasa.

Nikamuuliza — ana karatasi ya mkataba?

Mzee alisimama, akaniangalia. Karatasi ya nini, akasema, ni maneno tu. Hashil akatokea na biskuti, tukazungumza mengine.

Jumanne, 22 Desemba.

Salamu za Mzee Thuwein zimeletwa na dereva wa gari: nyumba ya nyuma ya skuli ni tupu. Hashil kafurahi kama mtoto. Bahati yetu! Nikamuuliza, na yule mpangaji je? Hashil kasikia kwa dereva kwamba Mzee alimwambia mpangaji nyumba aitaka kwa ajili ya mwanawe anayerudi kutoka Unguja.

Mzee Thuwein hana mwana Unguja. Ana mabinti tu, wote wameolewa Chake.

Nikasema alhamdulillahi. Nikaendelea kufunga vyombo.

Jumatano, 30 Desemba. Wete.

Tumehamia. Nyumba imefagiwa safi — aliyetoka kaifagia mpaka uwani! Mimi ningetoka kwa kufukuzwa nisingegusa ufagio.

Nyuma ya mlango wa chumba cha watoto pana herufi za mkaa, a mpaka z. Mkono mzuri. Ile g mkia wake umepinda kulia kama ndoana. Nimeiangalia kitambo. Hashil kanunua chokaa. Nimepaka mwenyewe, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza zilionekana.

Jumatatu, 11 Januari 1960.

Skuli imefunguliwa. Othman kaenda chuoni peke yake! Nilisimama barazani nikimtazama mpaka akaingia. Kisha hatua mia na arobaini, nami niko darasani. Jirani anayenishikia Mwanabaraka kaniletea mkate wa kumimina. Mchana nimekuja nyumbani nimemlisha Mwanabaraka kwa mkono wangu. Lini nilipata raha hii? Nimelala usingizi wa mchana, nikaamka moyo mzito, sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Alhamisi, 14 Januari.

Wiki hii zamu yangu ya mlangoni. Wachelewaji, fimbo mbili za kiganja. Amri ya Mwalimu Mkuu, si yangu. Kuna mmoja, Mize, kama miaka tisa, siku nne mfululizo kaja saa mbili kasoro robo, na kengele ni saa moja na nusu. Miguu tope mpaka magotini. Leo nimemchapa tena. Hakulia wala hakujitetea. Alisema, ahsante, Mwalimu. Wanafundishwa waseme hivyo.

Jumanne, 26 Januari.

Imla. Nikapita katikati ya mabenchi nikasimama nyuma ya Mize. G yake ina mkia wa ndoana.

Nilijikwaa kwenye begi la mtu.

Baada ya kipindi nikambakisha. Nikamuuliza wakaa wapi. Kasema ng'ambo ya bonde, njia ya Mgogoni, kwa mjomba wa mama. Atoka alfajiri. Na zamani mlikaa wapi? Akaniangalia usoni mara ya kwanza — hapo kwenu, Mwalimu.

Kumbe ajua! Kila siku ya zamu yangu alipita mlango wake mwenyewe kuja kuchapwa na mimi.

Mama yako ajua ni mimi? Kasema hajui, Mzee kamwambia ni mwanawe. Na wewe mbona hukumwambia? Akachezea kifungo cha gauni lake. Akijua atanitoa skuli, kasema.

Jumatano, 27 Januari.

Kaja saa mbili na robo. Kwenye daftari la mahudhurio nimeandika kawahi.

Alhamisi, 4 Februari.

Siku ya nne Mize haonekani. Mvua haikunyesha. Nimewauliza wenziwe, hawajui. Othman arudi chuoni msafi, miguu mikavu, aniuliza kwa nini nimenuna.

Jumapili, 7 Februari.

Nimekwenda. Hashil nilimwambia naenda kumtazama mwanafunzi mgonjwa. Saa nzima na nusu, mashamba ya mpunga, daraja la mnazi mmoja tu. Nililivuka kwa kutambaa! Mtoto alivuka asubuhi na jioni.

Mama yake ni Bi Mwanapili. Mumewe alimwacha, ana Mize na wavulana wadogo wawili. Ashona kofia. Wote wanne chumba kimoja. Alivyonipokea! Jamani Mwalimu kaja kwa miguu! Akatandika mkeka mpya, akanipa chai na shelisheli la kuchemsha.

Nikauliza habari za Mize. Kamtoa. Akasema:

— Si mwendo wa mtoto, Mwalimu. Na Ramadhani hiyo yaja. Afunge, atembee hivyo? Kusoma kashasoma, jina lake analijua.

Nikamwambia mtoto ana akili, ana mkono mzuri wa kuandika. Kisha akasema wakati wakikaa mjini alikuwa hasumbuki, akisikia kengele ndipo atoka. Nikasema — maskini, mwenye nyumba kawatenda. La, akasema, hana kosa. Mtoto wa mtu arudi kwao, alale wapi? Mie sikununa. Nilimfagilia mwanawe nyumba.

Nilitaka kusema pale pale. Wallahi nilifungua mdomo.

Yeye akawahi:

— Basi mchukue wewe, Mwalimu. Akae kwako siku za skuli. Atakuoshea vyombo, atakubebea mtoto. Nasikia wewe hukai mbali.
— Sikai mbali.
— Wapi pale?

Mize alikuwa akileta maji. Akasimama na kata mkononi.

Nikasema:

— Nyuma ya skuli. Mize atakuonyesha.

Maneno hayo nimeyatoa mimi. Mtu mzima, mama wa watu, mwalimu. Nimemtwika mtoto wa miaka tisa mzigo wangu, kisha nikaaga nikashika njia.

Jumatano, 10 Februari.

Nimemwambia Hashil nusu. Kwamba mpangaji wa zamani ni mama yake Mize, na mtoto atakuja kukaa nasi. Kakubali mara moja — ni thawabu, kasema. Akaniona nalia. Akasema, wewe hukumtoa, mimi sikumtoa, mwenye nyumba ndiye kamtoa. Alinifuta machozi kwa kanga yangu.

Lile swali la karatasi, lililompa Mzee njia ya kumtoa mpangaji, sikumwambia. Huyu mtu aniamini sana.

Jumapili, 14 Februari.

Saa nne asubuhi. Wamefika. Nimo chumbani, nimejifungia, naandika kama mwizi anayehesabu pumzi.

Niliwaona dirishani wakiingia uchochoroni, mama mbele, mtoto nyuma. Sikuona mshangao wowote. Bi Mwanapili alikuja moja kwa moja kama mtu ajuaye aendako. Hashil kamkaribisha ndani. Kakataa. Kakaa ukingoni mwa baraza, buibui hajalilegeza. Hashil kamkaribisha tena. Akasema, hapa panatosha, baba, Mwalimu yuko?

Yuko, atoka sasa hivi, kasema Hashil.

Sijatoka.

Mize kaja mlangoni pangu. Nimemfungulia kidogo. Kanong'ona kwamba kamwambia mamake leo, darajani. Nikauliza, akasema nini? Alikaa chini, kasema Mize. Mimi nikadhani twarudi. Kisha akainuka akasema twende.

Bila neno jingine?

Kasema yeye hana neno. Neno analo Mwalimu.

Hashil aniita. Mara ya pili sasa. Sauti yake ya furaha, masikini, amewawekea chai. Hashil akikaa pale, nikisema kwa Bi Mwanapili, na yeye atasikia. Nikimwambia aondoke kidogo, atauliza kwa nini. Na nikianzia kwa kumlaumu Mzee Thuwein, nitakuwa nimeanza na uwongo.

Mize bado kasimama mlangoni. Furushi lake la nguo analo kichwani, hajalitua. Aniuliza aliweke ndani au angoje.

Nimemwambia angoje. Naenda kusema, nianzie kwenye swali la karatasi, na Hashil asikie.