Tangi Dogo la Roncàl

Ofisi ya ushirika, bondeni
29 Septemba 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe salamu zangu, na kikohozi chake kiwe kimemwacha. Mimi ni mzima, ila usingizi hauji vizuri.

Tangazo nimelipiga taipu mwenyewe leo asubuhi: ghala litapokea zabibu mpaka tarehe 12 Oktoba, basi. Huku bondeni zimeiva, mpaka nyuki wanazigombania. Najua zetu za huko juu bado zina ukali wa kukunja uso. Najua pia ulichosema wakati wa kukata nyasi, kwamba zikimwagwa tena kwenye tangi kubwa mwaka huu, utaiacha mizabibu uende machimboni kupasua mawe kama wengine. Nilipokuwa nikipiga tarehe ile niliharibu karatasi mbili.

Niambie la kufanya, Baba.

Mwanao,
Mirta

*

Roncàl, 3 Oktoba

Mwanangu Mirta,

Marahaba. Mama yako anakohoa lakini anafoka, kwa hiyo hajambo. Goti langu linatabiri mvua kama kawaida yake.

Nosiola, zabibu yetu hii nyeupe, haitaki haraka. Bado majuma mawili ya jua la mchana na baridi ya usiku, ndipo harufu iingie. Anselmo ananipigia kelele kutoka ng'ambo ya ukuta: "Ezio, unasubiri nini? Zabibu zako zimalize rozari?" Nikamjibu, "Zako zimeshakata tamaa kama mwenyewe." Ukuta wake wa chini ulianguka tangu majira ya kuchipua na hajainua hata jiwe moja.

Sikiliza. Tangu nikiwa kijana nawapelekea ushirika zabibu zangu, na sijawahi kuzinywa hata siku moja. Zinaingia tangi kubwa pamoja na za watu wa mtoni na kupotea humo. Babu yako alijenga kwa mikono kuta hizi zinazoshikilia mizabibu mlimani, nami sijui mvinyo wake una ladha gani. Kwa hiyo mwombe mkubwa wako tangi dogo, lile la pembeni. Akikataa, nitachuma pamoja na wengine, na baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote nitakwenda machimboni. Sitakulaumu.

Baba yako

*

Bondeni, 6 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba goti liwe limepoa. Mimi ni mzima. Jana nilikwenda mlangoni kwa Bwana Defant, mkubwa wetu hapa ofisini. Mara mbili nilifika pale, mara mbili nikarudi mezani kunoa penseli ambayo ilikuwa na ncha tayari. Mwishowe akaniita mwenyewe.

"We binti, una jambo au unanipimia sakafu?"

Nikasema lote kwa pumzi moja. Akavua miwani.

"Una miezi mingapi hapa?"

"Minne, Bwana."

"Miezi minne, na unataka kunigawia matangi! Zabibu za baba yako zitajaza robo yake. Unajua hewa inafanya nini juu ya mvinyo mweupe kwenye tangi lisilojaa?"

"Inauchosha. Unageuka rangi ya chai, Bwana."

Akavaa miwani tena. Kisha akasema: "Nawapa mpaka tarehe 26. Likijaa hadi mdomoni, litabaki la Roncàl. Likipungua hata ndoo moja, zabibu zote zitaenda tangi kubwa, nawe utakwenda kutafuta kazi kwingine. Uninukulie hivyo hivyo."

Nimekunukulia. Baba, peke yako hutoshi. Lazima majirani wote wasubiri, na Anselmo ndiye mwenye mizabibu mingi. Unaweza kumwomba?

Mwanao,
Mirta

*

Bondeni, 21 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mu wazima huko? Sijapata jibu na nimemaliza kucha zote za mkono wa kushoto. Leo nimefungua dirisha la ofisi, mlima ni mweupe kwa theluji kuanzia msitu kwenda juu. Bwana Defant amepita nyuma yangu, akautazama nami, akaenda zake. Tangi nimelisafisha na fundi wa ghala. Limekaa tupu.

Andika hata neno moja.

Mirta wako

*

Roncàl, 25 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, tumechakaa tu. Barua hii anakuletea Anselmo juu ya trekta, usimcheke, pua yake imekuwa nyekundu kama ya mlevi.

Nilikwenda kumwomba. Ilikuwa kazi kuliko kubeba mawe. Akaniambia, "Yaani mimi niozeshe mavuno yangu ili Ezio Nardon aonje mvinyo?" Nikamwambia, "Hata wewe hujaonja wako." Akafunga mlango. Nikajua yamekwisha, ndiyo maana sikukuandikia.

Asubuhi ya tarehe 12 nilimwona anateremka na mkasi, na mkewe nyuma na makapu. Akasimama chini ya chanja la mizabibu yake, akachuma punje moja, akaitafuna, akaitema. "Chachu!" akapiga kelele ili nisikie. "Chachu kama ulimi wa mama mkwe!" Akarudi nyumbani na makapu matupu. Wengine walipomwona, nao wakasubiri.

Theluji iliposhuka tulitoka na mifagio, chanja kwa chanja, tukaipangusa kabla haijalemea vikonyo. Anselmo alipangusa la kwangu kabla ya lake. Jua likatoka siku ya pili. Ganda limekuwa la dhahabu, mwanangu, na ukiliuma unasikia ladha ya njugu za msituni. Jana na leo tumechuma, vidole havina hisia. Mama yako alitupikia supu ya shayiri, tukainywa tumesimama.

Tangi lisipojaa, rudi nyumbani bila aibu. Umeshaomba, na hilo hakuna aliyewahi kulifanya katika ukoo huu.

Baba yako

*

Bondeni, 18 Mei 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo, na kwa Mama vilevile. Mimi ni mzima, na nalala.

Nilikukatazeni miezi hii yote kuuliza, mkavumilia. Unakumbuka kapu la mwisho la Anselmo ndilo lililofikisha maji ya zabibu mdomoni mwa tangi dogo. Mvinyo ulichachuka polepole mpaka Krismasi, fundi akauacha upumzike. Juzi wanunuzi kutoka mjini walionja mvinyo wa kila tangi. Walipofika tangi dogo wakatoa madaftari, wakaandika. Bwana Defant akaonja baada yao, akaniita mbele yao: "Karani, huu ni wa wapi?"

"Wa Roncàl, Bwana," nikasema kabla hajaweka gilasi chini.

Mwaka huu ameamuru tangi lile lisiguswe na zabibu nyingine. Chupa hii nimemkabidhi dereva wa basi la posta. Imo kwenye soksi zako za sufu. Lebo haijachapwa bado. Niambie tuandike jina gani, lako au la Babu.

Mwanao,
Mirta

*

Roncàl, 25 Mei

Mwanangu Mirta,

Marahaba, karani wetu. Sote ni wazima.

Sikuifungua peke yangu. Nilimwita Anselmo, nikawaita wote waliofagia theluji, kila mtu akapata kidogo, kiasi cha kulowesha masharubu. Mama yako alitazama ukuta wa Babu. Mimi niliuonja, nikaujua, kama mtu anavyojua sauti ya nduguye gizani.

Anselmo akainua gilasi kwenye mwanga, akasema, "Ezio, huu ni wangu. Wako ni ule unaobaki chini." Kisha akaomba tena, na chupa ilikuwa tupu.

Kwenye lebo andikeni Roncàl tu. Jina la mtu mmoja halitoshi kujaza tangi.

Huko machimboni nimekwenda leo asubuhi, lakini usishtuke. Tulikwenda wawili, kuomba mawe. Anselmo anainua ukuta wake. Jiwe la kwanza ameliweka mwenyewe, limepinda, na nimemwambia hivyo.

Baba yako