Kikombe cha Nne

Arusha, Jumatano

Nimebakizwa. Naandika tena kwa utulivu unaonipasa: nimebakizwa katika chumba cha kuonjea kahawa mpaka likizo ya chuo iishe.

Leo nilijaribiwa; kama ningeshindwa, ningerudishwa ghalani kuandika alama juu ya magunia. Nilianza kwa kunywa kimyakimya, kama mama alivyonifunza kule Machame, na adabu hiyo nusura iniponze.

"Fyonza kwa kelele, mwanangu," alisema Mzee Elirehema, mwonjaji mkuu. "Hapa hatuko mezani kwa mchungaji."

Nikafyonza, nikatema. Meneja, Mwingereza, alikuwa amekwisha kuvikubali vikombe vyote sita. Nikasema kwamba cha nne kimechacha kidogo.

Mzee akaonja, akarudia, akacheka. "Bwana, Mchaga huyu ametushinda! Buni hii ililala majini siku moja zaidi."

Meneja naye akaonja. "Kweli. Kesho aje saa moja."

Nimerudi nyumbani nikifyonza hewa tupu barabarani, kwa kelele, mbele za watu. Sasa sijui nitamwelezaje mama kwamba nimesifiwa kwa kutema mbele ya wazee.