Jembe Langu na Mashine ya Daktari

Alhamisi, Shirimatunda

Jembe langu ndilo lililosingiziwa. Daktari wa fizikia, ambaye ninamlimia bustani na kumfagilia maabara, anapima utando wa metali anaotaka utunze kumbukumbu za kompyuta kwa mzunguko wa elektroni, wanaouita spini. Chuma kikikaribia, vipimo vinaharibika. Ndiyo maana nikiingia kufagia navua mkanda, suruali naifunga kwa ganda kavu la mgomba.

Leo vipimo vya wiki nzima vimeharibika. Mwanafunzi wake alisahau simu kando ya mashine, nilimwona akiichukua. Alipoulizwa akajibu, "Mzee wa Kigoma alipita na jembe."

"Mzee, nilikuonya," Daktari akasema. "Usiingie tena humu."

Nikasema ni simu. Mwanafunzi akacheka. "Mzee naye anajua spini?"

Ninajua. Nilikuwa nikifagia polepole ili nisikie.